Mageuzi yenye kuacha watu nyuma: funzo la wale 10 655 wa Gécamines

Kila mara kiongozi anapotangaza kwenye redio kwamba kampuni fulani ya serikali "itafanyiwa mageuzi", wazee wa Likasi, Kolwezi, Kipushi na Lubumbashi hawapigi makofi. Neno hilo wanalijua. Walilisikia zaidi ya miaka 20 iliyopita, wakatia sahihi kwenye karatasi, wakapewa feza mara moja, kisha mlango ukafungwa nyuma yao. Walikuwa wafanyakazi 10 655 wa Gécamines. Ukiongeza wake zao na watoto wao, ni watu wa kujaza mji mzima.

Tunarudi kwenye habari hiyo leo kwa sababu haijakwisha. Inchi yetu ingali na makampuni ya serikali yanayoyumba, yenye mitambo ya zamani na wafanyakazi wanaokaa miezi bila mshahara. Kila mtu anajua kwamba siku moja yatapaswa kubadilishwa. Wakati huo ukifika, viongozi wataamua kwa njia mbili: ama watajifunza kwa yale yaliyotokea Katanga, ama watayarudia.

Kazi iliyokuwa baba na mama

Msomaji kijana huenda haelewi kwa nini kupoteza kazi ya Gécamines kulikuwa kama kufiwa. Tumkumbushe. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Kuanzia miaka ya 1920, wakubwa wake waliona kwamba hasara ilikuwa kubwa kila mara wafanyakazi waliporudi vijijini na wengine kuletwa mahali pao. Wakaamua mfanyakazi akae kambini pamoja na mke wake na watoto wake. Kampuni ikajenga nyumba, ikajenga hospitali na shule, ikagawa unga. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma katika shule ya kampuni, akala unga wa kampuni, na alipokomaa akaingia kazini kama baba yake.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na miaka michache baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Jina lilibadilika, lakini maisha ya kambini yaliendelea vile vile. Ndiyo maana watu wa Katanga walizoea kusema: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Hapo hawakuwa wakifanya mzaha. Walikuwa wanaeleza nani anawalisha, nani anawatibu, na nani atawazika.

Mwaka wa 1986 kampuni ilitoa karibu tani 476 000 za shaba. Feza zake zilibeba sehemu kubwa ya bajeti ya Zaire. Lakini ng'ombe aliyekamuliwa kila siku hakupewa majani. Feza zilikwenda Kinshasa, mashine hazikubadilishwa. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka wa 1991 ukaja uporaji mijini. Mwaka wa 1992 na 1993 zikaja fujo za kikabila zilizofukuza maelfu ya familia zenye asili ya Kasai, na pamoja nao kampuni ikapoteza mafundi na wahandisi wengi. Halafu vikaja vita. Tulipoingia miaka ya 2000, Gécamines haikutoa hata sehemu moja ya kumi ya shaba iliyotoa mwaka wa 1986.

Hivyo tuseme wazi: mageuzi yalihitajika. Kampuni isiyozalisha haiwezi kulipa watu zaidi ya 20 000. Anayesema kwamba Gécamines ingeweza kuendelea vile vile anawadanganya wasomaji. Mwaka wa 2002 inchi ilipata Sheria mpya ya madini, serikali ikaunda kamati ya kuongoza mageuzi ya makampuni yake, COPIREP, na Benki ya Dunia ikakubali kutoa feza. Mwaka wa 2003 ikaanza operesheni iliyoitwa "kuondoka kwa hiari". Ililenga hasa wale waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi, na iligharimu zaidi ya dola milioni 40. Dawa ilikuwa ya lazima. Tatizo ni jinsi mgonjwa alivyonyweshwa.

Ukweli uliochelewa

Kosa la kwanza lilitendeka kabla ya 2003. Kwa miaka zaidi ya kumi, wakubwa wa kampuni na wa serikali walijua kwamba nyumba inawaka moto. Wafanyakazi hawakuambiwa. Waliendelea kuamka asubuhi, kwenda kazini, kusikia king'ora, na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mshahara ulichelewa mwezi mmoja, kisha mitatu, kisha miezi isiyohesabika. Kila mara walipouliza, jibu lilikuwa moja: vumilieni, mambo yatatengenezeka.

Kiongozi anayesema "vumilieni" bila kusema ukweli anafikiri anatuliza watu. Kwa kweli anawaibia muda. Mfanyakazi ambaye angeambiwa mwaka wa 1992 kwamba kampuni haitaweza kubeba wote, alikuwa bado na nguvu. Angeweza kutafuta shamba, kumfundisha mtoto wake ufundi mwingine, kuhamia mahali pengine. Aliyeambiwa mwaka wa 2003 alikuwa na miaka 50 au 55, mwenye deni dukani na watoto wanaosubiri kulipiwa shule. Habari mbaya ikitoka mapema ni onyo. Ikitoka siku ya mwisho, ni hukumu.

Hiari ya mwenye njaa

Kosa la pili liko ndani ya jina lenyewe: "kwa hiari". Ni kweli kwamba hakuna askari aliyeshika mkono wa mfanyakazi ili atie sahihi. Lakini mtu aliyekaa miezi mingi sana bila mshahara, ukimwekea mezani feza taslimu na kalamu, ukimwambia achague, amebaki na uchaguzi gani? Akikataa, anaendelea kuwa mfanyakazi asiyelipwa wa kampuni inayokufa. Akikubali, angalau leo usiku watoto watakula.

Wengi walikubali. Wengine walifurahi siku ile, na hatuwezi kuwalaumu. Baadaye tu ndipo walipokaa chini na kuhesabu. Miaka 25 au 30 ya kazi, mishahara iliyokuwa haijalipwa, haki za mwisho kulingana na sheria: je, yote yalikuwa ndani ya zile feza? Wao walisema hapana. Walijikusanya, wakaandika barua, wakagonga milango Lubumbashi na Kinshasa. Mwaka wa 2009 malalamiko yao yalifika mpaka kwenye Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, Washington. Mtu aliyeondoka kwa hiari ya kweli, akaridhika, hapeleki malalamiko ng'ambo ya bahari miaka sita baadaye.

Mkataba unaotiwa sahihi na mwenye njaa unaweza kuwa halali mbele ya mwanasheria. Mbele ya jamii utabaki kuwa deni.

Walihesabu mshahara, hawakuhesabu maisha

Kosa la tatu ni la hesabu. Wataalamu walichukua mshahara, wakauzidisha kwa kanuni yao, wakapata kiasi. Lakini tumeona hapo juu kwamba Gécamines haikuwa mshahara tu. Hospitali ilifungamana na kazi. Shule ya watoto ilifungamana na kazi. Chakula, maji, hata heshima ya mtu mtaani, vyote vilifungamana na kazi. Siku jina lilipofutwa kwenye orodha ya kampuni, vyote vilianza kukatika kimoja kimoja.

Feza zilipofika mikononi, zilikuta deni la dukani, deni la shule, mgonjwa nyumbani, paa lililotoboka, na ndugu waliokuwa wakisubiri kwa miaka. Waliobakiwa na kitu walijaribu biashara: kununua gari la kusafirisha watu, kufungua duka, kulima mahindi. Lakini fundi aliyetumia maisha yake yote kuyeyusha shaba hawezi kuwa mfanyabiashara kwa wiki moja, tena katika mji ambamo maelfu ya wenzake wamefungua duka lile lile siku ile ile, na ambamo hakuna tena mwenye mshahara wa kununua. Msaada wa kuwasindikiza katika maisha mapya ulikuwa mdogo mno mbele ya mahitaji yao.

Na tusiwasahau akina mama. Katika kambi, unga wa kampuni ulikuwa nguzo ya jiko. Ulipokwisha, wao ndio walioanza kuuza ndizi na makala barabarani, kulima pembeni ya mji, kubeba mizigo. Hakuna mkutano wa mageuzi uliowaalika waseme kitu. Lakini wao ndio waliolisha familia wakati mageuzi yalipowaacha waume zao wamekaa uani. Wala tusiwasahau watoto walioacha shule na kwenda kuchimba na kuosha mawe. Sababu za watoto kuingia machimboni ni nyingi, lakini mfuko mtupu wa baba ni mojawapo.

Uzito uliobebwa na upande mmoja

Kosa la nne ndilo linalouma zaidi. Mfanyakazi aliambiwa: hakuna njia nyingine, kampuni haina kitu, jitolee kwa ajili ya inchi. Wakati huo huo, migodi na mitambo ya Gécamines ilikuwa ikiingizwa katika mikataba na washirika kutoka nje. Mikataba ile ilitia shaka kiasi kwamba mwaka wa 2007 serikali yenyewe iliunda tume ya kupitia upya mikataba 61 ya madini. Basi serikali ilikubali kwamba karatasi zilizotiwa sahihi na wakubwa zinaweza kufunguliwa tena na kusomwa upya. Kwa nini karatasi za mfanyakazi wa kawaida zilionekana kuwa zimefungwa milele?

Leo Kongo inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, kuliko wakati wowote wa Union Minière na Gécamines. Malori yanapanga foleni mpaka Kasumbalesa. Mzee aliyetia sahihi mwaka wa 2003 anayaona yakipita mbele ya mlango wake. Hapo ndipo mtu anaelewa kwamba alichoambiwa kuwa ni mwisho wa shaba kilikuwa mwisho wake yeye.

Watu wanaweza kubeba mzigo mzito sana. Waliobeba vita, njaa na uporaji katika inchi hii hawahitaji kufundishwa uvumilivu. Lakini wanabeba wakiona kwamba anayewaongoza naye amejitwika upande wake. Mkubwa akikata mshahara wa wadogo huku akinunua gari jipya, hata akiwa na sababu nzuri kumi, hatasikilizwa tena.

"Mlitaka tufanye nini?"

Tunajua jibu litakalotoka kwa baadhi ya waliokuwa madarakani. Watasema: hazina ilikuwa tupu, vita vilikuwa vimetoka tu kusimama, mfadhili alikuwa na masharti yake na saa yake. Bila ile operesheni, wafanyakazi wale wasingepata hata senti moja. Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Mwaka wa 2003 haukuwa mwaka wa kuchagua kati ya wema na ubaya. Ulikuwa mwaka wa kuchagua kati ya maumivu mawili.

Lakini mengi yaliyokosekana hayakuhitaji feza za mfadhili. Kusema ukweli mapema hakugharimu dola. Kumpa kila mfanyakazi karatasi inayoonyesha jinsi hesabu yake ilivyofanywa, kwa lugha anayoisoma, na muda wa kwenda kuuliza kabla ya kutia sahihi, ni kazi ya wiki chache. Kugawa malipo kwa awamu, kuwaachia hospitali na shule kwa miaka michache, kuketi na wake zao pia: hayo yangepunguza maumivu, na mengine hayakuzidi uwezo wa kampuni. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kukaa mbele ya wafanyakazi, akavumilia hasira yao, akajibu maswali yao mpaka lile la mwisho.

Na tusidhani kwamba ni habari ya zamani ya Katanga peke yake. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianzisha elimu ya msingi bila malipo, kama Katiba ilivyoagiza. Ni uamuzi mzuri. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Lakini ni nani aliyebeba mabadiliko yale siku ya kwanza? Ni mwalimu wa kijijini, aliyekuta darasa limefurika, mchango wa wazazi umekatazwa, na jina lake mwenyewe halijaingia kwenye orodha ya mishahara. Hakuulizwa. Aliagizwa. Migomo iliyofuata haikuwa ya watu wanaochukia elimu ya bure. Ilikuwa ya watu waliotwikwa mzigo wa mageuzi bila kupewa kata ya kuuwekea kichwani. Kosa ni lile lile: uamuzi ulitangulia, watu wakafuata nyuma wakikimbia.

Tunachoomba

Kwa viongozi wa serikali na wa makampuni yake, tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja lililo geni.

La kwanza: semeni ukweli wakati ungali na faida. Kama kampuni haiwezi kubeba watu wote, waambieni sasa, kwa tarakimu, mbele ya sendika na mbele ya wafanyakazi wenyewe. Watapiga kelele. Kelele za leo ni afadhali kuliko laana ya miaka 20.

La pili: lipeni mishahara ya nyuma kabla ya kuwaomba watu waamue kuondoka. Mtu anayedai haki yake asichanganyiwe deni lake na zawadi ya kuondoka. Hayo ni mafungu mawili, na yanapaswa kuandikwa kwenye karatasi mbili.

La tatu: hesabuni maisha, msihesabu mshahara peke yake. Kabla ya kufunga mlango, ulizeni: mtoto atatibiwa wapi Jumatatu? Atasoma wapi mwezi wa Septemba? Kama hakuna jibu, mpango haujaiva.

La nne: anzeni na ninyi. Mkubwa atakayetangaza kupunguza watu, atangaze siku ile ile amepunguza nini kwenye ofisi yake: magari, safari, marupurupu. Hapo ndipo neno "kujitolea" litapata maana.

Kwa sendika pia tuna neno. Mwaka wa 2003 wafanyakazi wengi walijikuta peke yao mbele ya meza ya malipo. Msemaji wa wafanyakazi asiyejua kusoma hesabu ya kampuni, au anayeijua lakini anainyamazia, hawezi kumlinda mtu. Jifunzeni tarakimu. Dai karatasi. Someni na wenzenu kabla ya siku ya kutia sahihi.

Na neno la mwisho ni kwa sisi wengine, kwa sababu uongozi hauko Kinshasa peke yake. Yupo mkubwa wa shule anayepaswa kuunganisha madarasa mawili. Yupo daktari mkuu ambaye mfadhili wake ameondoka na wauguzi wanasubiri kujua nani atabaki. Yupo mama mwenyekiti wa ushirika ambao soko lake limefungwa na vita. Hao wote wanaongoza watu katika mabadiliko magumu, bila semina na bila mshauri kutoka nje. Wamekuwa wakijiuliza usiku: nianze na nini?

Waanze kwa kuwaita watu wao, kuketi nao chini, na kusema: hali iko hivi, hiki ninakijua, hiki sikijui bado, na mimi mwenyewe nitapoteza hiki. Kisha wanyamaze na kusikiliza. Mara nyingi njia itatoka kwa yule anayefagia uwanja au kwa yule anayepika chai, kwa sababu yeye ndiye anayejua mahali nyumba inapovuja.

Kati ya wale 10 655, wengi wamekwisha kufa wakisubiri jibu. Waliobaki ni wazee. Hawaombi kurudishwa kazini. Mikono yao imechoka. Wanaomba mambo mawili: kesi yao isomwe mpaka mwisho, waambiwe ndiyo au hapana na sababu zake, na mtu mwingine yeyote katika inchi hii asipitishwe katika mlango ule kwa namna ile. Ombi la kwanza linangoja uamuzi wa serikali. La pili liko mikononi mwa kila mmoja aliye na watu wa kuongoza, hata wakiwa watatu.